Hitilafu, Kasoro na Shoti: Lugha ya Ulinzi wa Umeme wa Jua katika Pwani ya Malindi na Kilifi

1. Utangulizi

Kwa miaka mingi mjadala wa istilahi za Kiswahili umeendeshwa kana kwamba kazi ya istilahi ni kuipatia lugha majina ya vitu. Kikija kifaa kipya, hutafutwa jina. Jina likipatikana na kusanifiwa, kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika baadhi ya nyanja haja iliyo kubwa zaidi ni kutenganisha hali, wala si kuvipa vifaa majina. Tutajaribu kuonyesha pia kwamba Kiswahili tayari kina zana za kutenganisha hali hizo, katika minyambuliko ya vitenzi vyake na katika msamiati wake wa zamani, ila zana hizo hazijatumiwa inavyostahili.

Uwanja tuliouchagua ni ule wa kugundua hitilafu na kuulinda mtandao wa kugawa umeme, hasa mtandao unaopata nguvu zake, zote au baadhi, kutoka kwa jua. Huenda msomaji wa jarida la lugha akashangaa kuona mada ya mafundi katika kurasa hizi. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba fundi hufanya kazi kwa kuambiwa. Huambiwa laini ipi imezimwa, nani ameizima, na kama yaweza kushikwa kwa mkono. Maneno hayo yakiwa na utata, utata huo huishia mwilini mwake. Kwa hiyo suala la istilahi katika uwanja huu si la mapambo ya lugha.

Tutaanza kwa kueleza hali ya umeme wa jua katika pwani ya Malindi na Kilifi, kisha tutaeleza jinsi mtandao wa kawaida unavyolindwa na jinsi jua lilivyoibadili kazi hiyo. Baada ya hapo tutayapima maneno yaliyopo na kutoa mapendekezo machache.

2. Umeme wa jua katika Malindi na Kilifi

Malindi, ambayo kwa mfumo wa kaunti ulioanza kutumika mwaka 2013 imo katika Kaunti ya Kilifi, inapitiwa na laini ya msongo wa kilovolti 220 itokayo Rabai kwenda Garsen hadi Lamu. Huko Langobaya, bara kidogo kutoka mji wa Malindi, kimejengwa kituo cha umeme wa jua chenye uwezo wa megawati 52 kwa hesabu ya paneli zenyewe, ambapo takriban megawati 40 ndizo zinazoweza kuingizwa katika gridi ya taifa. Kituo hicho, kilichojengwa na Globeleq pamoja na Africa Energy Development Corporation, kilianza kuuza umeme kwa Kenya Power mwezi wa Desemba mwaka 2021, kwa mkataba wa miaka 20.

Zaidi ya kituo hicho kikubwa kuna mambo mengine mawili. Kwanza, Kilifi ni mojawapo ya kaunti 14 zilizowekwa katika mradi wa serikali wa kupeleka umeme wa jua mahali pasipofikiwa na gridi, uitwao KOSAP, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017. Mradi huo umekusudia, pamoja na mengine, mitandao midogo ya vijiji iliyo peke yake. Pili, Sheria ya Nishati ya Kenya ya mwaka 2019 ilifungua njia kwa mteja mwenye paneli zake kurudisha katika gridi umeme unaomzidi. Basi tuna aina tatu za mitandao: kituo kikubwa kinacholisha gridi, mtandao mdogo unaojitegemea, na nyumba, hoteli au kiwanda kinachonunua umeme saa fulani na kuutoa saa nyingine.

Hali ya pwani yenyewe huongeza taabu. Upepo wa kusi hubeba chumvi ya bahari na kuibandika juu ya vihami, yaani vile vikombe vya kauri au kioo vinavyoubeba waya. Chumvi hiyo ikilowa kwa umande au manyunyu, umeme hupata njia ya kutambaa juu ya kihami. Makuti makavu na matawi ya miembe huangukia nyaya. Chini, ardhi ni mchanga na mwamba wa matumbawe, na mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri. Jambo hili la mwisho ni la hatari ya pekee, kama tutakavyoona.

3. Mtandao wa upande mmoja na ulinzi wake

Mtandao wa kawaida wa kugawa umeme ulibuniwa kama mto uliogeuzwa: maji hutoka penye upana na kugawanyika kuelekea vijito. Umeme hutoka kituoni, hupita katika laini za kilovolti 33 au 11, huteremshwa na transfoma, na kuingia nyumbani kwa volti 240. Daima unakwenda upande mmoja, kutoka juu kwenda chini.

Katika mtandao wa namna hiyo hitilafu hujitangaza. Waya mmoja ukigusa mwingine, au ukigusa ardhi iliyo nyevu, umeme hupata njia ya mkato isiyopitia taa wala mashine, na mkondo hupanda ghafla hata kufikia mara nyingi zaidi ya mkondo wa kazi. Fyuzi ni kipande cha waya kilichopangwa kiyeyuke mkondo unapozidi. Kikata umeme ni swichi inayojifungua yenyewe. Kwenye laini kubwa kazi ya kuangalia na kazi ya kukata zimetenganishwa: rilei hupima na kuamua, kikata umeme hutekeleza.

Kanuni ya pili ni mpangilio. Hitilafu ikitokea katika nyumba moja, haifai mtaa mzima ukose umeme. Ni kama mashauri ya kijiji, ambapo jambo la nyumba humalizwa nyumbani, likishindikana huenda kwa mzee wa mtaa, ndipo likafika kwa chifu. Vivyo hivyo kikata umeme kilicho karibu na hitilafu hupewa nafasi ya kwanza, na cha juu yake husubiri kwa sehemu ya sekunde. Kwa sababu hitilafu nyingi za nyaya za juu ni za kupita tu, kama vile kuti lililogusa na kuanguka, laini nyingi huwekewa kifaa kinachokata, kinasubiri kidogo, kisha kinarudisha umeme chenyewe.

Mpangilio ukivunjika, jambo dogo huwa kubwa. Mnamo tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda kwenye paa la kituo cha Gitaru, katika Mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ilijizima, mashine nyingine za kituo zikaelemewa, nazo zikajizima, zaidi ya megawati 180 zikapotea na Kenya nzima ikaingia gizani. Tumbili mwenyewe alinusurika. Tukio hili litatusaidia baadaye, kwa sababu katika sentensi moja ya kawaida, "umeme ulikatika", yamefichwa matendo matatu yasiyofanana: hitilafu iliyotokea, transfoma iliyojilinda, na mashine zisizo na hitilafu yoyote ambazo zilijitoa kwa kuelemewa.

4. Jua lilivyoibadili kazi ya ulinzi

Paneli za jua zimeingiza mageuzi manne katika picha tuliyoieleza.

La kwanza linahusu nguvu ya mkondo wa hitilafu. Jenereta inayozunguka, ikipata njia ya mkato, kwa kitambo hutoa mkondo mara tano au sita ya ule wa kazi, kwa sababu ya nguvu iliyo katika mzunguko wake. Paneli haina kitu cha kuzunguka. Mkondo wake wa juu kabisa unawekwa na mwanga unaoipiga, na hata ncha zake zikigusanishwa, mkondo huzidi ule wa kazi kwa asilimia chache tu. Inveta, kile kifaa kinachougeuza umeme mnyoofu wa paneli kuwa umeme geu wa mtandao, nayo hujizuia isitoe zaidi ya takriban mara moja na nusu ya kiwango chake, la sivyo itaungua. Tuchukue mfano. Fyuzi ya ampea 100 inayolishwa na gridi ikipitiwa na ampea 1,000 huyeyuka mara moja. Fyuzi hiyo hiyo katika mtandao mdogo wa kijiji, ambao inveta yake haiwezi kutoa zaidi ya ampea 120, yaweza isiyeyuke kabisa. Hitilafu ipo, waya umelala chini, na fyuzi haina habari.

La pili linahusu mwelekeo. Paneli zikiwa katikati ya laini, hitilafu iliyo mbele yake hulishwa na pande mbili, gridi na jua. Sehemu inayotoka gridi hupungua kwa kuwa jua limeshika nafasi, na rilei iliyoko kituoni, inayopima sehemu hiyo tu, huona mkondo mdogo kuliko ilivyofundishwa kuutazamia. Mafundi husema rilei imefanywa kipofu. Hapa Kiswahili kinaweza kusema upofu wa rilei, na kila mtu akafahamu.

La tatu ni hali ya kisiwa. Gridi ikijitoa na paneli zikaendelea kulisha kipande cha laini, kipande hicho huwa kisiwa chenye umeme katikati ya bahari isiyo na umeme. Wenyeji wa nyumba za karibu huenda wakafurahi, lakini fundi aliyekuja kutengeneza laini anajua kwamba stima imepotea, na anapanda nguzo. Kwa sababu hiyo kanuni ya kimataifa ya IEEE 1547, iliyotolewa mwaka 2003, iliagiza inveta igundue kuwa gridi haipo na ijitoe ndani ya sekunde 2. Hata hivyo kile kifaa kinachorudisha umeme chenyewe chaweza kurudisha kabla ya sekunde hizo mbili kwisha, ndipo mawimbi mawili yasiyolingana yakakutana. Isitoshe, inveta zilipokuwa nyingi katika nchi nyingine ilionekana kwamba zikijitoa zote kwa mtikisiko mdogo, gridi huanguka. Toleo la mwaka 2018 la kanuni hiyo hiyo likazitaka zivumilie mitikisiko ya muda mfupi. Basi inveta ya leo inatakiwa kujua lini ivumilie na lini ijitoe.

La nne linahusu upande wa paneli wenyewe. Umeme geu wa mizunguko 50 kwa sekunde hupita penye sufuri mara 100 kila sekunde, na cheche inayoruka kati ya ncha mbili hupata nafasi ya kuzimika. Umeme mnyoofu wa paneli haupiti penye sufuri. Cheche yake ikishawaka huendelea kuwaka. Swichi iliyotengenezwa kwa umeme wa nyumbani haifai kuukata. Tena paneli haizimwi maadamu jua linaipiga. Mtu aweza kuitenga na mtandao, lakini ncha zake zinabaki na msongo.

Mwezi wa Aprili mwaka 2009, katika mji wa Bakersfield huko California, paneli zilizokuwa juu ya paa la duka kubwa zilishika moto. Uchunguzi ulieleza kwamba hitilafu mbili za kugusa ardhi ndizo zilizohusika. Ya kwanza ilikuwapo bila kugunduliwa, kwa sababu mkondo wake ulikuwa mdogo kuliko ule unaoyeyusha fyuzi ya ulinzi. Ilipotokea ya pili, fyuzi iliyeyuka kama ilivyotakiwa, lakini kwa kuwa hitilafu ya kwanza ilikwisha kutengeneza njia nyingine, mkondo uliendelea kupita humo na kuwasha moto. Somo la Bakersfield ni kwamba hitilafu inaweza kuwapo bila mtu kuiona, nayo hungoja mwenzake.

Kwa sababu ya mambo haya manne, ugunduzi hautegemei tena ukubwa wa mkondo peke yake. Vifaa vya leo hulinganisha mkondo unaoingia na unaotoka katika kipande cha laini; hupima kama nyaya tatu za laini zinabeba sawasawa; hutazama msongo unaposhuka; tena inveta hupima kila asubuhi, kabla ya kuanza kazi, kama nyaya za paneli bado zimetengwa vyema na ardhi. Ndiyo maana baada ya usiku wa mvua inveta huweza kukataa kuanza kazi mpaka nyaya zikauke. Mwenye nyumba atasema imeharibika, kumbe imegundua.

5. Hitilafu, kasoro, kosa na shoti

Tuje sasa kwenye maneno. Katika mazungumzo ya kila siku neno linalotawala ni shoti, lililochukuliwa kutoka Kiingereza. Nyaya zikigusana, ni shoti. Mtu akitetemeshwa na umeme, amepigwa na shoti. Vifaa vikizidi katika soketi moja na waya ukapata moto, nayo ni shoti. Magazeti na redio, kwa lugha iliyo sanifu zaidi, hutumia "hitilafu ya umeme", hasa nyumba inapoungua. Lakini tofauti hiyo ni ya mtindo tu. Hitilafu ya magazeti ni pana na haielezi kitu, kama ilivyo shoti ya mtaani. Zote mbili huufunga mjadala pale ambapo ulipaswa kuanza.

Tukiyatazama maneno ya Kiswahili kwa asili zake tunakuta hazina. Hitilafu limetoka Kiarabu, ambako asili yake ni kutofautiana, kutoafikiana. Maana hiyo haijafa katika Kiswahili. Bado twasema watu wawili wana hitilafu, yaani hawakubaliani. Na hivyo ndivyo ulinzi wa kisasa unavyoitambua hitilafu. Kifaa cha kulinda mtu nyumbani hulinganisha mkondo unaokwenda na mkondo unaorudi. Vikiafikiana, hakuna neno. Vikihitilafiana kwa miliampea 30, kifaa hukata, kwa kuwa kiasi hicho kisichorudi huenda kinapita mwilini mwa mtu. Kadhalika ulinzi wa transfoma na wa laini kubwa umejengwa juu ya kulinganisha. Mwalimu wa ufundi anayefundisha kwa Kiswahili anaweza kuianza mada hii kutoka ndani ya neno lenyewe: hitilafu ni hesabu isiyoafikiana.

Kasoro nalo ni la Kiarabu, na asili yake ni upungufu. Msemaji huijua maana hiyo kila asemapo saa nne kasorobo. Kasoro, basi, ni pale kitu kinapopungukiwa na sifa yake: paneli iliyofunikwa vumbi na chumvi, kihami chenye ufa, nguzo iliyoliwa na mchwa, kiungo cha waya kilicholegea. Kasoro haijawa hitilafu, kwa kuwa umeme bado unapita njia yake. Lakini ndiyo inayoizaa. Hitilafu hugunduliwa na rilei. Kasoro hugunduliwa na mtu anayekagua. Mtandao ambao lugha yake haina tofauti hii utangoja rilei iseme kila kitu, na tumekwisha kuona kwamba katika umeme wa jua rilei huweza kuwa kipofu.

Kosa ni neno la Kibantu, kutoka kitenzi kukosa, na ndani yake mna mtendaji aliyelenga akakosa. Linafaa libaki kwa kitendo cha binadamu: kuunganisha waya usiofaa, kuweka swichi ya umeme geu mahali pa umeme mnyoofu, kurudisha laini kabla ya kuuliza.

Shoti lenyewe hatupendekezi lifukuzwe. Limekwisha kuota mizizi na lina wenyewe. Lakini lingebanwa libaki na maana moja, ile ya umeme kupita njia isiyo yake kwa nyaya kugusana. Tafsiri sisisi iliyowahi kutumiwa, mzunguko mfupi, inapotosha, kwa kuwa urefu si hoja. Njia hiyo yaweza kuwa ndefu kuliko ile ya halali. Afadhali njia ya mkato, ambayo kila msemaji anaijua: njia ya kukwepa kazi.

Ipo hali moja ambayo haina jina kabisa. Waya unapoanguka juu ya mchanga mkavu, kama ilivyo mahali pengi kati ya Mto Sabaki na Kilifi, mkondo unaoingia ardhini huwa mdogo mno, wakati mwingine mdogo kuliko wa taa chache. Hakuna fyuzi itakayoyeyuka. Waya umelala kimya, na mtoto anaweza kudhani ni kamba. Wahandisi wana jina refu kwa hali hiyo. Sisi tunapendekeza hitilafu kimya, kwa kuwa ukimya wake ndio hatari yake. Jina hilo litafaa pia kwa ile hitilafu ya kwanza ya Bakersfield.

6. Kukatika, kukatwa na kujitoa

Utata mkubwa kuliko wote haumo katika nomino bali katika vitenzi. Msemaji wa Tanzania husema umeme umekatika. Msemaji wa Kenya aghalabu husema stima imepotea. Semi zote mbili hazina mtendaji. Kauli ya kutendeka, yenye kiishio -ika, humfuta mtendaji kama vile jambo limetokea lenyewe, kama kikombe kilichovunjika. Kupotea nako ni kitendo cha kitu chenyewe kuondoka.

Katika mtandao wa upande mmoja uhaba huo haukuwa na madhara makubwa. Kebo ya baharini inayoipelekea Unguja umeme kutoka Tanzania Bara iliposhindwa mwezi wa Desemba mwaka 2009, kisiwa kilikaa bila umeme wa gridi kwa muda wa miezi mitatu hivi, na kusema umeme umekatika kulitosha. Chanzo kilikuwa kimoja, na kilipokosekana, laini zote zilikuwa tupu. Lakini penye vyanzo viwili, umekatika haimwambii fundi lolote la maana. Umekatika kutoka upande upi? Na upande wa pili je?

Kiswahili kina kauli za kulijibu swali hilo. Umekatika husema hali tu, na yafaa kwa waya uliodondoka. Umekatwa humrudisha mtendaji hata asipotajwa: yuko mtu aliyefungua swichi, na anaweza kuulizwa. Umejikata, au laini imejitoa, kwa kiambishi -ji-, husema kwamba kifaa kimeamua chenyewe, na kwamba kinaweza kujirudisha chenyewe vilevile. Kwa fundi aliye juu ya nguzo tofauti ya umekatwa na umejikata ni tofauti ya uhai, kwa sababu kilichojikata hakimsubiri mtu ateremke.

Umuhimu wa tofauti hii ulionekana hadharani usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, Kenya karibu yote ilipokosa umeme. Kenya Power ilieleza kwamba chanzo ni kupotea kwa umeme wa kituo cha upepo cha Ziwa Turkana. Wenye kituo walijibu kwamba msongo wa gridi ulizidi kiwango, ndipo mitambo yao ikajizima ili isiharibike. Pande zote mbili zilikubaliana kwamba kituo kilitoka. Walichobishania ni kauli ya kitenzi. Je, kituo kilipotea, au kilijizima kwa sababu ya jambo lililotangulia? Mitambo ya jua, ambayo nayo hujitoa kwa amri ya inveta, itazidi kuleta mabishano ya namna hii, na lugha isiyotofautisha haitaweza kuyaamua.

7. Kinga na ulinzi

Ipo haja ya kugusia jozi moja zaidi. Kinga na ulinzi hutumiwa kama visawe, lakini si kitu kimoja. Kinga huzuia jambo lisikufikie. Ndiyo maana tunasema kinga ni bora kuliko tiba. Mlinzi hukaa macho, na jambo likifika hulikabili. Kwa kipimo hicho kingaradi ni kinga, na kuosha vihami chumvi ni kinga. Rilei na kikata umeme ni ulinzi, kwa kuwa havizuii hitilafu isitokee. Hupunguza madhara yake. Anayeambiwa kwamba mtandao una kinga hudhani hitilafu haitatokea. Anayeambiwa kwamba una ulinzi atauliza, na ni haki yake kuuliza, mlinzi yuko wapi na anaona nini.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mtandao wa umeme wa jua unadai tofauti ambazo mtandao wa zamani haukuzidai, na kwamba tofauti nyingi kati ya hizo zimo tayari katika Kiswahili. Kanuni iliyozoeleka ya kuunda istilahi hutuagiza tutafute kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake kabla ya kukopa. Aghalabu kanuni hiyo imesomwa kama agizo la kutafuta nomino. Hapana budi isomwe pia kama agizo la kutafuta kauli za vitenzi, kwa kuwa huko ndiko lugha yetu ilikojaaliwa utajiri.

Kwa muhtasari, tunapendekeza hitilafu itumike kwa mkondo usioafikiana na njia yake, kasoro kwa upungufu wa kifaa, kosa kwa kitendo cha mtu, na hitilafu kimya kwa ile isiyojitangaza. Tunapendekeza pia katika taarifa za kazi umekatwa na umejikata visichanganywe, na umekatika usitumiwe kamwe kumruhusu mtu kugusa waya. Ruhusa hiyo itolewe kwa kutaja kila upande: upande wa gridi umekatwa na fulani, upande wa paneli umetengwa na fulani, laini imepimwa na kuunganishwa na ardhi.

Mafunzo ya mafundi yanakotolewa kwa Kiingereza na kazi kufanywa kwa Kiswahili, tofauti hizi hupotea kati ya darasa na nguzo. Langobaya, ambako wengi wana Kigiriama kwa lugha ya kwanza na Kiswahili kwa ya pili, njia ya neno kumfikia fundi kijana huwa ndefu zaidi. Wanaisimu na vyuo vya ufundi wangeweza kuanzia na jambo dogo. Mabango yaliyozoeleka kwenye nguzo na transfoma husema "Hatari" na kunyamaza. Kwenye laini iliyo na paneli bango hilo lingeongezwa maneno machache: laini hii hupata umeme kutoka pande mbili; isiguswe hata stima ikipotea.